Miisho migumu ya sataranji

Miisho migumu ya sataranji ni hali za mwishoni mwa mchezo wa sataranji (pia: chesi) ambamo upande mmoja una nguvu za kutosha kushinda, au unaonekana kuwa nazo, lakini ushindi wenyewe hupatikana kwa shida. Kete zilizobaki ubaoni huwa chache, mara nyingi nne au tano pamoja na wafalme wawili. Mtazamaji asiyeujua mchezo hudhani kazi imekwisha. Kwa wachezaji, hapo ndipo pointi nyingi hupotea, na waliowahi kuzipoteza ni pamoja na mabingwa wa dunia.

Katika makala hii kete zinaitwa mfalme, malkia, ngome, askofu (yule anayekwenda mshazari), farasi na kitunda. Vyumba 64 vya ubao vinaitwa nyumba, na kila nyumba hutajwa kwa herufi na namba yake, kuanzia a1 hadi h8. Neno "cheki" lina maana ya kumtisha mfalme, na "mati" ni mfalme kutishwa bila njia ya kutokea.

Kwa nini nguvu zaidi haitoshi

Kikwazo cha kwanza ni mkwamo. Mchezaji ambaye zamu ni yake, mfalme wake hatishwi, lakini hana hatua yoyote halali ya kucheza, hajashindwa. Mchezo huhesabiwa sare. Kanuni hii huwashangaza wengi wanaotoka kwenye michezo mingine ya ubao. Katika vijiwe vya Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero, kama kwingineko Tanzania, michezo inayoonekana zaidi ni bao na drafti, na yote miwili ina msimamo tofauti kabisa: katika bao la Kiswahili, mchezaji ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu au ambaye hawezi kucheza tena amefungwa, na katika drafti asiye na hatua ameshindwa. Mchezaji mzuri wa drafti anayejifunza sataranji hutumia miaka akimbana mpinzani hadi asiwe na pa kwenda, halafu anaambiwa kwamba kwa kufanya hivyo amempa nusu pointi. Miisho kadhaa iliyo hapa chini ingekuwa rahisi sana kama mkwamo ungehesabiwa kuwa ushindi.

Kikwazo cha pili ni kanuni ya hatua 50. Kila upande ukicheza hatua 50 mfululizo bila kete yoyote kuliwa na bila kitunda chochote kusogea, mchezaji yeyote anaweza kudai sare. Tangu mwaka 2014 kanuni za Shirikisho la Sataranji Duniani (FIDE) zinaongeza kwamba hatua zikifika 75 mwamuzi anausimamisha mchezo hata kama hakuna aliyedai. Kwa hiyo haitoshi kujua kushinda. Inabidi kujua kushinda kwa wakati.

Cha tatu ni umbali. Katikati ya mchezo, mchezaji huongozwa na vitisho anavyoviona: kete fulani inaweza kuliwa, mfalme fulani yuko wazi. Katika miisho migumu vitisho hivyo viko mbali mno. Hatua sahihi inaweza kuwa ile inayomrudisha farasi nyuma ili mati ipatikane hatua 25 baadaye, na akili ya binadamu haioni uhusiano wa mambo hayo mawili isipokuwa imefundishwa.

Katika sataranji ya kale

Neno "sataranji" lilifika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako lilitokana na Kiajemi, na huko nalo lilitoka katika Kisanskriti. Sataranji iliyochezwa Baghdad zaidi ya miaka elfu iliyopita haikuwa na malkia wa leo. Mahali pake palikuwa na waziri aliyesogea nyumba moja tu kwa mshazari, hivyo kumfunga mfalme kulikuwa kugumu sana. Kwa sababu hiyo kanuni zilikuwa na huruma kwa mwenye nguvu: kumkwamisha mpinzani kulihesabiwa kuwa ushindi, na pia kumwachia mfalme peke yake bila kete nyingine.

As-Suli, mchezaji mkuu wa karne ya 10 huko Baghdad, aliacha fumbo la mwisho lenye wafalme wawili na mawaziri wawili tu. Alisema hakuna anayeweza kulifumbua isipokuwa yule aliyefundishwa naye. Fumbo hilo, linalojulikana kama almasi ya as-Suli, lilikaa zaidi ya miaka elfu hadi Yuri Averbakh, mtaalamu wa miisho kutoka Urusi, alipotoa ufumbuzi wake katika miaka ya 1980. Kete nne, miaka elfu.

Mwishoni mwa karne ya 15 malkia alipewa mwendo wake wa sasa na askofu akapewa mshazari mzima. Mchezo ukawa wa kasi, na miisho mingi ya zamani ikafa. Mipya ilizaliwa.

Askofu na farasi dhidi ya mfalme

Huu ndio mwisho mgumu unaojulikana zaidi. Upande mmoja una mfalme, askofu na farasi; mwingine una mfalme tu. Mati inawezekana daima, ila katika hali chache za ajabu ambamo kete moja inaliwa papo hapo, na kwa mchezo usio na kosa haihitaji zaidi ya hatua 33. Kwa kulinganisha, malkia pekee anahitaji hatua 10 kwa wingi, ngome 16, na maaskofu wawili 19.

Ugumu wake unatokana na jambo moja. Mati haiwezi kulazimishwa katikati ya ubao wala ukingoni. Inalazimishwa pembeni tu, tena katika pembe mbili kati ya nne, zile zenye rangi ya nyumba anazotembelea askofu. Mlinzi anayejua hilo hukimbilia pembe yenye rangi nyingine na kukaa huko. Mshambuliaji analazimika kumtoa, kisha kumpeleka ukingoni mwa ubao hadi pembe ya pili, na njiani mfalme huyo hupata mahali pawili au patatu pa kuchoropoka.

Mvuvi wa mto Kilombero anayetega mgono hamfukuzi samaki kila anakokwenda. Anaziba njia na kuacha upenyo mmoja unaoingia mtegoni. Mbinu ya mwisho huu ni hiyo hiyo. Tuseme askofu ni wa nyumba nyeupe na mfalme mweusi amejificha karibu na h8, pembe nyeusi. Mfalme mweupe anakaa f6, farasi f7, na askofu yuko mshazari wa mbali, mfano e4. Farasi anaanza safari f7, e5, d7, c5, b7, njia ambayo ikichorwa ubaoni inafanana na herufi W. Askofu anaziba nyumba nyeupe ambazo farasi hazifikii, na mfalme anatembea sambamba kwenye safu ya sita. Kuna wakati mmoja, farasi anapokwenda e5, ambapo mfalme mweusi anaachiwa kutoka ukingoni na kuonekana ametoroka. Wachezaji wengi wasiojifunza huogopa hapo, humrudisha farasi, na huanza upya. Kwa kweli hajatoroka: askofu na farasi wanajenga uzio mpya na kumrudisha kwenye safu ya nane, akielekea a8.

Mwaka 2013, katika mashindano ya Grand Prix ya wanawake mjini Geneva, Anna Ushenina wa Ukraine alifika kwenye mwisho huu dhidi ya Olga Girya wa Urusi. Ushenina alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake wakati huo. Alimsukuma mfalme wa Girya huku na huko lakini hakuweza kumfikisha pembe sahihi, hatua 50 zikatimia, na mchezo ukaisha sare. Kesi hiyo hutajwa mara kwa mara katika mjadala wa zamani kati ya walimu: je, inafaa kumfundisha mwanafunzi mwisho unaotokea mara chache sana katika maisha ya mchezaji? Wanaokataa husema saa hizo zitumike kwenye miisho ya ngome, ambayo hutokea kila wiki. Wanaokubali husema kwamba hakuna zoezi jingine linalofundisha vizuri namna hiyo jinsi kete tatu zinavyofanya kazi pamoja. Hoja ya pili ina uzito, hasa kwa kuwa mbinu yenyewe inaweza kujifunzwa kwa jioni mbili au tatu.

Malkia dhidi ya ngome

Mwisho huu unaonekana rahisi. Malkia ana nguvu kuliko ngome, na vitabu vya zamani viliuweka katika kundi la ushindi wa kawaida. Lengo ni kumlazimisha mlinzi aitenge ngome na mfalme wake, kisha kuila kwa cheki inayogusa vyote viwili.

Hali muhimu zaidi inahusishwa na Philidor, bingwa wa Ufaransa wa karne ya 18. Mfalme mweupe yuko c6 na malkia a5. Mfalme mweusi b8 na ngome b7. Kama zamu ni ya mweusi, amekwisha, kwa sababu kila hatua ya ngome inaiacha bila ulinzi. Akicheza kwa mfano ngome b1, malkia anatoa cheki d8, kisha d4, kisha h8, kisha h7, na hapo anaitisha ngome na mfalme kwa pamoja. Lakini zamu ikiwa ya mweupe, tatizo ni kwamba hatua yoyote ya kawaida inaharibu mpangilio. Dawa ni kupoteza zamu: malkia anakwenda e5 kwa cheki, mfalme anakwenda a7, malkia a1 kwa cheki, mfalme anarudi b8, malkia a5. Kete zote zimerudi palepale, ila sasa zamu ni ya mweusi. Hali hii ambamo mchezaji angenusurika kama angeruhusiwa kutocheza ndiyo roho ya miisho mingi.

Hayo yote yalijulikana kwa miaka mia mbili. Kisha ikaja kompyuta. Ken Thompson wa maabara za Bell nchini Marekani, anayejulikana zaidi kwa kazi yake kwenye mfumo wa Unix, alitengeneza programu iliyojua jibu sahihi la kila hali ya mwisho huu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Walter Browne, mmoja wa wachezaji hodari wa Marekani, aliweka dau la dola 100 kwamba angeishinda ngome ya kompyuta kwa malkia wake katika hatua 50. Hali aliyopewa ilihitaji hatua 31. Akashindwa. Vitabu vilimwambia kwamba mlinzi huishika ngome karibu na mfalme wake, lakini kompyuta iliitupa mbali, mahali ambapo malkia hakuwa na cheki ya kuikamata. Browne alikwenda kujifunza, akarudi baada ya wiki chache na kupewa hali nyingine ya hatua 31. Safari hii aliila ngome katika hatua ya 50 kamili.

Katika mashindano, silaha nyingine ya mlinzi ni mkwamo. Mfalme wake akiwa pembeni bila nyumba ya kwenda, anaweza kuitoa ngome iliwe, akitoa cheki baada ya cheki. Malkia akiila, ni mkwamo.

Farasi wawili

Mfalme na farasi wawili hawawezi kumlazimisha mfalme mtupu apate mati. Hali za mati zipo, lakini mlinzi huangukia humo kwa kosa lake mwenyewe tu. Akicheza vizuri, kila jaribio la kumfunga pembeni linaishia kwenye mkwamo. Hii ni moja ya tabia za ajabu za sataranji: mtu anaongoza kwa kete mbili kubwa na hana njia.

Ajabu zaidi ni kwamba mlinzi akiwa na kitunda kimoja, mshambuliaji anaweza kushinda. Kitunda hicho kinampa mlinzi hatua ya kucheza, na kwa hiyo mkwamo unaondoka. Mwenye mali ndiye anayeangamia. Mpango ni kwamba farasi mmoja anakizuia kitunda kwa kusimama mbele yake, huku mfalme na farasi wa pili wakimpeleka mfalme adui pembeni. Hatimaye farasi mlinda njia anaondoka na kuja kumalizia. Kitunda kinaanza kukimbia kwenda kuwa malkia, na mati inafika kabla hakijafaidi.

Aliyeuchambua mwisho huu kwa kina ni Aleksey Troitsky (1866–1942), mtunzi wa mafumbo kutoka Urusi aliyefanya kazi ya ofisa misitu na aliyekufa wakati wa kuzingirwa kwa Leningrad. Alionyesha mstari ambao kitunda cheusi kikizuiwa juu yake au kabla hakijaupita, farasi wawili weupe wanashinda popote wafalme walipo: a4, b6, c5, d4, e4, f5, g6 na h4. Alifanya kazi hiyo kwa mkono, miongo kadhaa kabla ya kompyuta, na kompyuta zilipokuja zilimthibitisha karibu katika kila jambo. Kwa bahati mbaya ya washambuliaji, baadhi ya hali hizo zinahitaji hatua 115. Kanuni ya hatua 50 inazifanya kuwa sare mezani hata kama ni ushindi katika nadharia.

Ngome na askofu dhidi ya ngome

Kwa mchezaji wa mashindano, huu ni mgumu kwa namna ya peke yake, kwa kuwa kinadharia hali nyingi ni sare lakini kwa vitendo mlinzi huanguka mara nyingi. Philidor alionyesha mwaka 1749 hali moja ya ushindi ambayo bado hufundishwa leo. Kuifikia ni suala lingine.

Walinzi wana ngome mbili za kujifichia. Moja inaitwa kwa jina la John Cochrane, mchezaji Mskoti wa karne ya 19: ngome ya mlinzi inamfunga askofu asisogee kwa kuwa mfalme wake yuko nyuma yake. Nyingine ni kukaa kwenye safu ya pili kutoka ukingoni, mfalme na ngome pamoja, na kuvumilia. Zote zinafanya kazi, ila zinahitaji umakini kwa hatua 50 baada ya saa tano au sita za mchezo. Judit Polgar wa Hungaria, mwanamke aliyefika juu kuliko wote katika historia ya mchezo huu, alikuwa na sare mkononi dhidi ya Garry Kasparov mjini Dos Hermanas mwaka 1996. Alikosea mara moja na akashindwa.

Mwisho huu pia ndio uliozaa mchezo mrefu kuliko yote inayojulikana ya mashindano. Belgrade, mwaka 1989, Ivan Nikolić na Goran Arsović walicheza hatua 269 kwa zaidi ya saa 20. Wakati huo FIDE ilikuwa imeongeza kikomo cha hatua 50 kwa miisho michache, ukiwemo huu, ikiamini kuwa kanuni inapaswa kufuata ukweli wa nadharia. Ikatokea kwamba ukweli huo unabadilika kila kompyuta mpya inapokuja, na kwamba waamuzi wanataka kwenda kulala. Mwaka 1992 nyongeza zote zilifutwa. Nikolić na Arsović walitoka sare.

Maaskofu wawili dhidi ya farasi

Mwaka 1851 Kling na Horwitz walichapisha hali ambamo mfalme na farasi wanakaa karibu na pembe na kuonekana kama ngome isiyovunjika. Kwa zaidi ya miaka 130 vitabu viliandika kuwa mwisho huu ni sare. Mwaka 1983 kompyuta ya Thompson ilionyesha kwamba maaskofu wanashinda karibu daima, wakati mwingine kwa kutumia hatua 66 kabla ya kumla farasi. Wanaingia, mlinzi anasukumwa nje ya pembe, anakimbilia pembe nyingine, na anavunjwa huko. Hakuna binadamu aliyewahi kuiona njia hiyo kwa macho yake, na hata baada ya kuonyeshwa ni wachache wanaoweza kuieleza.

Vitunda vinavyodanganya

Ugumu mwingine si wa kufunga mfalme, bali wa kufikisha kitunda kwenye safu ya nane. Mifano iliyo rahisi kukumbuka ni miwili. Askofu na kitunda cha pembeni (cha a au h) hawashindi ikiwa nyumba ya mwisho ya kitunda si ya rangi ya askofu na mfalme adui ameshaifikia pembe hiyo: anakaa hapo tu. Na ngome yenye vitunda viwili, kimoja cha f na kingine cha h, dhidi ya ngome peke yake, mara nyingi ni sare licha ya vitunda hivyo viwili vya ziada, kama Vasily Smyslov alivyoonyesha akijitetea dhidi ya Svetozar Gligorić mjini Moscow mwaka 1947.

Ngome na kitunda kimoja dhidi ya ngome ndio mwisho wa lazima kwa kila mwanafunzi. Njia kuu ya kushinda hubeba jina la Lucena, Mhispania aliyechapisha kitabu mwaka 1497, ingawa hali hiyo haimo katika kitabu chake. Ilionekana kwanza kwa Salvio, mwaka 1634. Jina la makosa limeshika na halitoki tena.

Malkia na kitunda dhidi ya malkia ni mateso. Mlinzi anatoa cheki bila kikomo na mshambuliaji anatafuta mahali pa kumficha mfalme wake. Kwa muda mrefu ushauri ulikuwa kumficha karibu na kitunda. Mikhail Botvinnik, akiwa bingwa wa dunia, alionyesha kinyume katika Olimpiadi ya Amsterdam mwaka 1954 dhidi ya Nikolay Minev: mfalme wake alitembea kumwelekea mfalme wa adui, hadi wafalme wakawa karibu kiasi kwamba kila cheki ya mlinzi iliweza kujibiwa kwa cheki nyingine, na malkia kubadilishana.

Majedwali ya miisho

Tangu kazi ya Thompson, watafiti wamejenga majedwali yanayoorodhesha kila hali inayowezekana yenye kete chache, na jibu lake. Hujengwa kwa kurudi nyuma: kompyuta huanza na hali zote za mati, kisha hutafuta hali zilizo hatua moja kabla yake, kisha mbili, hadi hali zote ziishe. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Moscow walikamilisha majedwali ya kete saba, wafalme wakiwemo, yaliyohitaji takriban terabaiti 140. Humo ilipatikana hali ambamo malkia na kitunda wanashinda dhidi ya ngome, askofu na farasi, lakini mati inakuja baada ya hatua 549. Wachezaji hodari wanaotazama hatua hizo husema hawaelewi lolote katika sehemu kubwa ya njia. Kete zinazunguka, zinarudi, zinazunguka tena, na ghafla upande mmoja umekwisha.

Majedwali hayaruhusiwi mezani, ila watazamaji wanayo. Hali hiyo ilionekana wazi mjini Dubai tarehe 3 Desemba 2021, katika mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia kati ya Magnus Carlsen wa Norwei na Ian Nepomniachtchi wa Urusi. Carlsen alibaki na ngome, farasi na vitunda viwili dhidi ya malkia. Kete zilipopungua hadi saba, kila mwenye simu aliweza kujua kwamba hali ni sare. Waliokaa mezani hawakujua. Carlsen aliendelea kusukuma, Nepomniachtchi akakosea baada ya hatua 130, na mchezo ukaisha katika hatua ya 136, mrefu kuliko wowote katika historia ya ubingwa huo. Baada ya hapo Nepomniachtchi hakushinda hata mchezo mmoja, na Carlsen akabaki bingwa.

Kujifunza miisho hii

Miisho ina faida moja kwa wanafunzi wasio na vifaa: inahitaji ubao, kete chache na mtu wa pili. Vijana wa Katwe mjini Kampala waliofundishwa na Robert Katende, akiwemo Phiona Mutesi aliyepata cheo cha FIDE baada ya Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012, walianza kwa ubao na mwalimu, si kwa kompyuta.

Utaratibu unaopendekezwa na walimu wengi ni kuanza na mati za malkia na ngome, kufuata na mfalme na kitunda, kisha hali za Lucena na Philidor, na kuacha askofu na farasi kwa baadaye. Wawili wanacheza mwisho mmoja mara kadhaa wakibadilishana pande, mmoja akihesabu hatua kwa sauti hadi 50. Kukaa upande wa mlinzi ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mlinzi ndiye anayejifunza mahali pa kuchoropokea. Mwenye simu anaweza kuangalia jibu sahihi kwenye tovuti ya bure ya Lichess, ambayo ina majedwali hadi kete saba: anapanga kete, anaona ni hatua ngapi zimebaki, kisha anafunga simu na kurudi ubaoni.